Ianguke Tukiwa Hapa

Kamwene, Baba mpendwa,

Mwaka wa tatu huu tangu tukuzike Ipogolo, nami ndiyo kwanza nakuandikia. Usinune. Unajua mambo yangu huchelewa.

Nakumbuka tulivyopiga plasta chumba cha bibi. Nilishika mwiko mdogo, nikawa napaka saruji ukutani polepole kama mtu anayepaka siagi kwenye mkate. Ukaninyang'anya. Ukarudi nyuma hatua moja, ukairusha kwa nguvu, ikalia pwa. Nyingine ikashika, nyingine ikadondoka miguuni petu. Nikalalamika kwamba tunaharibu saruji. Ukanijibu bila kugeuka, "Isiyoshika ianguke leo tukiwa hapa. Isije ikamwangukia bibi yako kitandani."

Na lile tufe la shuleni, siku ulipokuja kunitazama? Mara ya kwanza nilitupa kwa woga, nusura liniponde vidole. Mara ya pili nikatupa kwa nguvu zangu zote, likaenda mbali kweli, kumbe mguu umeshatoka nje ya duara. Mwalimu akainua bendera nyekundu, uwanja mzima ukacheka. Njiani ukaniambia bendera si msiba, inakuonyesha tu mguu ulipoteleza. Nilikasirika. Sikulishika tufe tena.

Siku hizi naandika programu za kompyuta, chumba kimoja juu ya maduka ya Mwanjelwa. Zahanati moja ilinipa kazi: programu ya kukadiria dozi za watoto kwa uzito wao. Na sisi huku tunatupa, Baba. Programu ikikwama, hulitupa kosa kwa maandishi mekundu mbele ya macho ya watu na kazi husimama. Ila fundi mwoga anaweza kulizima kimyakimya, kazi ikaendelea kama vile hakuna kitu. Mimi nililizima. Nilitaka siku ya kuwaonyesha kazi isitokee nyekundu hata moja.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Asubuhi ya siku hiyo, nikitoka Ilomba, ile pwa ya saruji ikanirudia masikioni. Nikafika zahanati, nikafungua kompyuta, nikaliachia kosa litupwe.

Daktari akaingiza mtoto wa kwanza, sawa. Wa pili, skrini yote nyekundu. Nikatamani ardhi inimeze. Tulipochunguza, uzito wa yule mtoto mchanga haukuwa umejazwa, na kosa likizimwa programu yangu ilikuwa inaendelea na uzito wa aliyemtangulia, mtoto wa miaka kumi. Ningeliacha limezimwa, ingempa mchanga dozi ya yule mkubwa, na hakuna ambaye angejua.

Daktari akasema, "Afadhali limetokea tukiwa hapa, dada."

Nililia, Baba. Alidhani ni aibu, kumbe ni nafuu. Nilirekebisha siku ile ile, na watoto wanapimiwa dozi vizuri.

Jumapili nilikuja nyumbani. Bibi bado analala chumba kile kile. Niliupiga ukuta kwa kiganja, mara tatu, kwa nguvu. Haikudondoka hata punje.

Pumzika, Baba. Na mimi sasa nalala.

Binti yako