Mguu Mmoja Ndani, Mmoja Chini

Mdogo wangu Leokadia,

Kabla hujasoma zaidi, mwite mama akae karibu yako, mpe shikamoo yangu, na usiendelee mpaka aitikie. Goti lake linaendeleaje na ubaridi wa asubuhi? Na wewe kile kikohozi kimeisha, au bado unabugia kila dawa unayoambiwa na majirani? Mimi ni mzima. Nakula, nalala, naamka. Nimeamua kuandika kwa mkono kwa sababu kwenye simu nikisikia sauti yako naishia kusema "sawa, sawa", kisha nakata. Karatasi hii nitaipiga picha niitume kwenye simu yako, umsomee.

Najua mnachosubiri. Tangu tumzike baba, yaani tangu mmzike ninyi mimi nikiwa huku, mtumbwi wake umelala kifudifudi juu ya changarawe na hakuna wa kuushusha. Hapo kwetu Mwamgongo mtumbwi wa marehemu haugusi maji mpaka mtoto wake wa kwanza ausukume, au atoe neno. Mtoto wa kwanza ndiye mimi. Ulinieleza kwamba mbao zimeanza kupasuka kwa jua, pamba inachomoka kwenye maungio, na baba mdogo Zabroni kila akipita anaugonga kwa vidole, anatikisa kichwa na kusema, "Tumsubiri mkubwa." Ukaniuliza, "Kaka, sasa tufanyeje? Mtumbwi ukikaa hivi mpaka kiangazi kiishe, utakuwa kuni. Na sisi tutakula nini?" Nikakujibu kwamba nitafikiri. Leokadia, sikufikiri. Nilikata simu nikaenda kuwapa kondoo maji.

Ukweli ndio huo. Sijalia hata mara moja. Ulipopiga kunipa habari ya baba nilikuwa nakaza nati, na nikamaliza kuikaza. Nimekuwa kama ule mguu unaoukalia muda mrefu kanisani, ukisimama unajua ni wako lakini hauna habari na wewe. Watu wa huku wananipa pole, nami nawajibu asante kwa sauti ya mtu aliyerudishiwa chenji.

Acha nikueleze kazi yangu ya siku hizi, maana sijawahi kukueleza vizuri. Hili shamba la huku Wales lina kilima cha nyasi, na mama mwenye shamba, anaitwa Megan, wakati wa joto anawakodishia watu mbao za kushukia kilima. Wenyewe wanaziita mauntenibodi. Ubao ni mrefu kama kibenchi cha jikoni, chini una magurudumu manne ya upepo mfano wa tairi la toroli, ila madogo, na juu una mikanda miwili ya kuvalia miguu. Mtu anasimama ubavu, anateremka. Mtu mzima, mwenye wajukuu, anatoa pesa yake kwa jambo hilo. Usicheke, ndiyo inayonilisha.

Kazi yangu ilikuwa kujaza upepo na kukaza nati. Mwalimu aliyekuwa akifundisha wageni alipoacha, Megan akasema nifundishe mimi. Lakini hapa hakuna anayepandishwa kilimani kabla hajajua kuuondoa ubao kwenye tambarare, pale chini karibu na zizi. Nikadhani hilo ndilo jepesi. Kumbe kilimani mteremko unakusaidia. Kwenye tambarare hakuna wa kukusaidia, na nyasi zinayashika magurudumu.

Nikafanya nilivyozoea. Nikakaa nyuma ya ubao, nikauinamia, nikausukuma kwa nguvu zangu zote kisha nikaurukia. Ubao ukaenda. Mimi nikabaki nimekaa kwenye nyasi, kondoo wameacha kula wananitazama. Nikarudia, ikawa vilevile. Safari nyingine niliudaka kwa mguu mmoja, ukageuka ukanilaza ubavu. Megan alikuwa ameegemea geti na kikombe chake cha chai.

"Gervas," akasema, "mbona unausukuma halafu unaukimbiza?"

Nikamweleza kwamba kwetu ziwani ndivyo tunavyoshusha mtumbwi. Anayesukuma anakaa nyuma, anasukuma mpaka maji yamfike mapajani, ndipo anaruka ndani, wa mwisho.

"Na huko ndani anakuwa ameshaingia nani?"

"Baba," nikamjibu.

Nililitamka hivyo hivyo, kama mtu anayetaja siku ya juma. Unamkumbuka alivyokuwa akikaa pale mbele na kasia lake, hageuki, anasema tu, "Haya, ulete." Nami nikawa naujua huo mgongo kuliko ninavyoujua uso wake. Hata nikiteleza, hata nikichelewa kuruka, mtumbwi una mwenyewe. Sikuwahi kusukuma chombo kitupu mpaka siku ile.

Megan akakiweka kikombe juu ya nguzo ya geti, akaja mpaka niliposimama.

"Huu hauna mtu," akasema. "Kwa hiyo anza ukiwa ndani."

Ndivyo inavyofanywa. Mguu wa mbele unaingia kwenye mkanda wake mapema, ubao ukiwa bado umetulia. Goti la mguu huo unalikunja na uzito wote unaulaza hapo. Mguu wa nyuma unabaki chini, kando ya ubao, ndio unaosukuma, taratibu na kwa hatua ndefu, bila hasira. Macho yanatazama unakokwenda. Ukishaona ubao umekubali kwenda, ndipo unaupandisha ule mguu wa nyuma, unaupapasia mkanda wake bila kuinama. Ukiwahi sana, ubao unasimama. Ukiegemea nyuma, unakukimbia. Na ukiwa tambarare, magurudumu unayajaza upepo mpaka yawe magumu, kwa sababu yakiwa laini hayafiki popote.

Nilishinda pale mchana kutwa. Mwishowe nikaenda, kutoka zizini mpaka kwenye uzio, polepole kiasi kwamba mama na goti lake angenipita. Sikufurahi, nisikudanganye. Ila nilikuwa nakwenda, na nyuma yangu hapakuwa na mtu wala mbele yangu. Kwenye uzio nikashuka, nikaugeuza ubao, nikaanza kurudi. Katikati ya kurudi ndipo nikaufikiria mtumbwi wenu pale kwenye changarawe. Ndiyo mara ya kwanza.

Sasa neno langu ni hili, na hapa umwite baba mdogo Zabroni umsomee kwa sauti. Mimi siji mwaka huu. Karatasi zangu za kuishi huku hazijakamilika, nikitoka siruhusiwi kurudi. Mtumbwi ausukume Leokadia, na uwe wa Leokadia. Baba mdogo, najua utasema mtoto wa kike hashushi mtumbwi. Kwa heshima zote nakuuliza: mimi na baba tulipokuwa tukibishana upepo unatoka wapi, nani alikuwa katikati anakumba maji na kuyamwaga nje? Ulisema tumsubiri mkubwa. Mkubwa amesema.

Leokadia, usikurupuke. Kwanza ziba maungio kwa pamba na mawese, kisha uumwagie maji hapo hapo ulipo, ulowe, mbao zivimbe. Siku ya kuushusha, watu wakusaidie kuuburuta mpaka ukingoni, halafu waambie wakae kando. Usiusukume kutoka nyuma kama nilivyokuwa nikifanya mimi. Mbele hapana mtu. Weka mguu mmoja ndani kwanza. Mwingine uubakize kwenye mchanga usukume nao mpaka usikie maji yamekubeba, ndipo uupandishe. Usigeuke kuniangalia nyuma, sipo.

Nisalimie mke wa baba mdogo, na fundi wa mitumbwi pale chini, atakudai ubishani tu, mvumilie. Katekista aliyeongoza sala makaburini mwambie nimeambiwa alisali vizuri. Jirani yetu mama Espe, yule aliyetoka Burundi, anayemchotea mama maji bila kuombwa, mshike mkono kwa niaba yangu. Mama mwambie nakula vizuri. Hilo ni kweli.

Na ombi moja. Mkiushusha, usinipigie ukiwa nchi kavu. Nenda kwanza. Ukifika pale maji yanapogeuka meusi, pale baba alipokuwa akisimamisha kasia na kuvua kofia, nipigie. Usiseme kitu. Iweke simu kwenye ubao wa pembeni, nisikie maji yanavyougonga. Nadhani hapo ndipo nitalia.

Ni mimi kaka yako, niliyekuwa nikisukuma,
Gervas