Magoti ya Mjomba Masanja

Sapiwi, Bariadi

Shikamoo dada Neema,

Magoti bado yamevimba? Huku jua ni kali na michembe ya Bibi, vile viazi vitamu vyake vya kukausha, ni mitamu.

Jana nilimkuta mjomba Masanja akipakia pamba kwenye lori la mmoja wa wafanyabiashara wapya. Mwaka jana alikuwa hatembei! Nikameza aibu, nikamuuliza. Kumbe aliharisha damu, akapona, baada ya wiki chache magoti yakavimba kama yako. Daktari wa zahanati alimweleza kwamba vijidudu vya tumboni vilishakufa, lakini kinga ya mwili iliendelea kupigana, ikavigeukia viungo vyake mwenyewe.

“Na mimi nikasema jirani kaniroga kwa maziwa yake!” akacheka.

Bibi, aliyekuwa nami, akadakia, “Ukamvunjia na kibuyu chake, mjinga wewe!”

Mjomba alishampelekea jirani kibuyu kipya, akamwomba radhi.

Dada, wewe pia uliharisha kwanza. Nenda hospitali, uwaambie na hilo, usione haya. Naamini utatembea vizuri. Na ule uji wa jirani yako Mama Kulwa, unaosema ndio uliokuroga, haukuwa na uchawi wowote. Kamsalimie leo, hata kwa kuchechemea.

Mdogo wako akupendaye,
Yohana