Baiskeli Yako Imepita Kyamwilu

Baba,

Kioko amelala, wacha nikuandikie haraka. Huyu Kioko mwanangu ni wewe. Alizaliwa wiki chache baada ya sisi kukuzika, tukampa jina lako, na tangu siku hiyo hii nyumba haina heshima tena. Mama anambeba akimwita "mume wangu." Jana nilimsikia akimwuliza, "Kwani mume wangu utakojolea kila nguo niliyo nayo?" Nawe ulikuwa ukiniita mwaitu, mama, kwa sababu niko na jina la mama yako. Sasa nakunyonyesha kweli kweli. Usiku hunilazi.

Mtoto alipoanza kukaa mwenyewe, nikasema basi, nitoe baiskeli yako, ile Black Mamba, nianze kupeleka ovakado Machakos kama wewe. Ndugu yako Mutua akasikia. Alikuja asubuhi na pampu mkononi, tayari kuichukua, hata salamu hakumaliza. Akasema hiyo ni baiskeli ya mwanaume, kile chuma cha katikati hakikuwekewa mtu wa sketi.

"Baba mdogo, na mtoto atakula nini?"

"Utapata bwana."

Baba, unajua vile mabwana wamejaa huku.

Mama ndiye aliamua. Alikuwa anachagua maharagwe, kichwa hakuinua. "Marehemu alikuwa anapita mlima wa Kyamwilu na gunia bila kushuka. Atakayepita hivyo, aichukue. Atakayeshuka, aiache."

Jumamosi watu walijaa barabarani, hata katekista akaacha mafundisho. Mutua alianza. Nitasema ukweli, alipanda vizuri, shati limelowa, mishipa ya shingo imesimama. Halafu akafika pale penyewe. Unajua vile Kyamwilu inadanganya: barabara inaonekana ikiteremka na kumbe inapanda, mpaka wageni wa Nairobi wanakuja kumwaga maji pale washangae yakipanda mlima. Mutua amezaliwa hapa, lakini siku zote hupita ndani ya gari akiwa amesinzia. Alipoona mteremko akatoa miguu kwenye pedali, akaitanua vile ulivyokuwa ukifanya, akaanza kupungia watu mkono.

Baiskeli ikasimama. Kisha ikaanza kurudi nyuma, na yeye bado anapunga.

"Mutua, umesahau kitu nyumbani?" Mama akamwuliza.

Akaingia kwenye nyasi, matako kwanza. Ovakado zikamfuata.

Mimi nilivaa suruali yako. Mama alinung'unika kwamba nitamwaibisha kanisani, kisha akanifunga kiunoni na kamba, akakaza mpaka nikakosa pumzi, na akachukua mtoto. Nilipanda, Baba. Mapaja yaliwaka. Maziwa yalianza kutoka yenyewe, blauzi yote ikalowa, wanaume wakaangalia kando. Pale Kyamwilu nikakumbuka ukinibeba kwa keria kwenda shule, ukiniambia, "Mwaitu, hapa funga macho. Magoti yatakuonyesha barabara." Nilifunga moja. Lingine niliacha liangalie ng'ombe. Jicho likasema tunateremka, pumzika. Magoti yakasema hapana, kanyaga. Nikakanyaga.

Na nikapita. Gunia na yote.

Shida ikawa upande wa pili, kwa mteremko wenyewe. Breki ulikuwa umezitoa, unasema zinamfanya mtu kuwa mwoga, na wewe ulikuwa ukisimamisha kwa kukandamiza akala, vile viatu vyako vya tairi, kwenye gurudumu la nyuma. Nilikuwa nimevaa akala zako. Nikakandamiza, moshi ukatoka. Siku ya mazishi sikulia, na watu wakasema nina moyo wa jiwe. Hapo ndipo nililia, Baba, kwa ile harufu ya mpira ulioungua. Ndiyo harufu uliyokuwa ukirudi nayo nyumbani. Kwa dakika moja nilidhani uko... basi. Mbuzi alikuwa barabarani, ilibidi nimwangalie yeye.

Jioni Mutua alileta pampu, akaiegemeza mlangoni. "Gurudumu la nyuma limepungua upepo," akasema, akaenda zake. Siku hizi akiniona namenya viazi ananiita dereva, na hacheki.

Sasa napita mara tatu kwa wiki. Nachoka mpaka nalala na kijiko mkononi, lakini mtoto ananenepa na Mama amepata dawa yake ya miguu.

Lala salama, Baba yangu. Sitaiuza hata siku moja, hiyo nakuahidi, na huyu kijana nitamfundisha mwenyewe kupanda ule mlima. Lakini Jumatatu fundi anaiwekea breki, mbele na nyuma. Najua ungegombana na mimi mpaka majirani watoke nje. Gombana tu. Niko na mtu ananingoja jioni, na nataka kufika chini nikiwa mzima.

Binti yako,
Mwikali