Amplifaya ya Baba Mkwe Imenishinda

Shangazi Nasike, nakuandikia nikiwa na aibu, na nakusihi usinicheke kabla hujamaliza kusoma. Mimi ni fundi wa simu na redio hapa Kibuye, na mwezi uliopita baba mkwe wangu, Mzee Ooko wa Ahero, alinipa amplifaya yake ya zamani ya gitaa, ile ya valvu, zile chupa za kioo zinazowaka ndani kama balbu, akaniuliza mbele ya mke wangu Seline na shemeji zangu wote, "Fundi, hii unaijua?" nami badala ya kusema sijui nikajibu, "Mzee, hii ni kazi ndogo," basi sasa ameshawaambia wenzake wa bendi waliobaki, wako watatu tu, kwamba Desemba watapiga tena. Ukweli ni kwamba valvu nazijua nusu, na nimetafuta mtandaoni mpaka macho yakauma, video za wanaoanza zinaniambia umeme ni kama maji kwenye bomba, na vitabu vya wataalamu ni hesabu tupu mwanzo hadi mwisho, sasa mtu wa katikati kama mimi asome wapi? Wiki jana nikachomoa plagi, nikaingiza mkono, ikanirusha hadi kwenye kabati, na Seline aliponiuliza nikasema niliteleza. Mzee akipiga simu namwambia kuna kipuri kinatoka Nairobi. Hakuna kipuri, Shangazi. Nifanye nini?

Dishon, Kibuye

Hongera, Dishon. Wanaume wengine huogopa wakwe zao, wewe unaogopa neno "sijui" kuliko umeme. Pole kwa mkono, na pole zaidi kwa Seline, anayeishi na mtu anayeteleza kwenye sakafu kavu.

Mimi valvu sizijui, na unaona nilivyosema bila kufa? Nilimpigia Mzee Wachira, aliyetengeneza redio za aina hiyo hapa mjini kabla hujazaliwa. Alicheka hadi akakohoa. "Huyo kijana hajui kapasita hubaki na umeme hata plagi ikitoka?" Anasema utafute vitabu vya zamani vya kufundishia mafundi wa redio. Viliandikiwa watu kama wewe, wanaojua kushika solda lakini hawakusoma chuo kikuu, na vingi viko mtandaoni bure. Usiimeze amplifaya nzima mara moja. Chukua mchoro wake, usome kipande kimoja kwa wiki, kwanza pale umeme unapoingia, kisha valvu moja moja mpaka spika. Na usiguse kitu ndani kabla Wachira hajakuonyesha jinsi ya kuondoa umeme uliobaki na kuupima kwa mita mpaka isome sufuri. Anakungoja Jumamosi saa nne asubuhi. Amesema uje na daftari, maneno uyaache Kibuye.

Lakini kabla ya Jumamosi, nenda Ahero. Keti, umwambie Mzee Ooko, "Nilidanganya. Bado najifunza." Atanuna, halafu atakupa chai. Usimtumie ujumbe wa simu, na usimtume mke wako. Huyo ameshachoka. Aliniandikia barua yake wiki moja kabla yako.