Vichupa Vinane vya Gundi

Nyumbani, ghorofa ya pili,
juu ya duka la miwani.
Ijumaa, tarehe 14, asubuhi.

Dada mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, mgongo umepoa na zamu za wodini zimepungua kama ulivyoahidiwa. Shemeji naye anaendeleaje na sukari yake? Na wapwa zangu je? Nasikia yule mkubwa sasa ananipita kwa urefu. Mwambie urefu si hoja, aje tupimane mabega.

Sisi huku hatujambo, ila kuchoka. Mama anaendelea vizuri. Miguu imeanza kumsumbua kwenye ngazi, kwa hiyo siku hizi anashuka mara moja tu, asubuhi, na akishapanda ndiyo ameshapanda. Mke wangu anakusalimu sana. Kitambaa ulichomtumia amekishona gauni, na anasema linamkaa kuliko yote aliyowahi kununuliwa na mimi. Nimekubali, maana ni kweli.

Najua utashangaa kupata barua badala ya simu, tena ndani ya kifurushi. Sababu ya kwanza utaiona ukifungua lile boksi dogo: vichupa vinane vya gundi na brashi mbili. Sababu ya pili ni wewe mwenyewe. Kwenye simu huwa unanisamehe kabla sijamaliza kueleza kosa, na hili nataka ulisikie mpaka mwisho.

Unajua kwamba tangu karakana yangu ya kushona mahema ifungwe nimekuwa kwa bosi huyu, kwenye duka lake la vifaa vya kambi na safari za milimani. Alinichukua wakati hakuna aliyemtaka fundi wa miaka hamsini na tatu, na sijasahau. Mwanzoni nilikaa chumba cha nyuma, nabadilisha zipu na kubandika viraka. Kisha wateja wakaanza tabia ya kuja dukani, kupapasa buti, kujaribu begi mgongoni, halafu wanaondoka kwenda kununua kwenye simu. Bosi akasema basi na sisi tutawafuata humo humo.

Ndivyo nilivyogeuka mtu wa video. Kila Jumatano na Jumamosi, saa nane mchana, mke wa bosi anashika simu na mimi nasimama uani, kati ya tangi la maji na ukuta wa jirani, naonyesha. Ndipo mahali pekee hema linapoweza kusimama wima, maana stoo ya juu dari yake inagusa kichwa. Nasimamisha hema huku watu wanahesabu dakika. Nachemsha maji kwenye jiko la gesi linaloingia kiganjani. Nimewahi kuingia kwenye mfuko wa kulalia wa baridi kali, jua likiwa la utosi, nikafunga zipu mpaka kidevuni na kuwaambia watu joto lake ni zuri. Mmoja akaandika, "Mbona mjomba analia?" Lilikuwa jasho.

Hapo jina likanasa. Siku hizi hata sokoni naitwa Mjomba Hema. Sitakudanganya, mwanzoni nilipenda. Miaka thelathini watu walikuwa wakiniona mgongo tu, nimeinamia cherehani, na ghafla wananijua uso. Ila wasichokiona ni kwamba hema likishasimama lazima likunjwe, na halikubali kurudi kwenye mfuko wake hata siku moja. Magoti yangu yamekwisha. Nikirudi nyumbani nalala na viatu. Na kutabasamu saa nzima mbele ya simu kunachosha kuliko hata hayo magoti, sikujua.

Sasa nakuja kwenye lililonikalisha hapa na kalamu.

Miezi mitatu iliyopita yaliletwa mahema mapya ya kijani, ya watu wanne, kutoka kiwanda ambacho hatukuwahi kununua kwake. Kitambaa kizuri, nguzo nyepesi, ila mishono haikuwa imezibwa. Kwa fundi hilo si ajabu. Kila tundu la sindano ni njia ya maji, na viwanda vingine vinakuachia uzibe mwenyewe. Ndiyo maana ndani ya kila mfuko kulikuwa na kichupa cha gundi, na karatasi ya maelezo ya lugha ya kigeni ambayo hakuna aliyejisumbua kuisoma.

Siku ile ile nilichukua hema moja la kuonyeshea, nikapaka gundi mishono yake yote, nikaliacha likauke. Hakuna aliyeniagiza. Mkono wangu hufanya hivyo wenyewe, kama wako unavyogusa paji la mtoto kabla hujauliza anaitwa nani.

Baada ya wiki, joto la stoo likaanza kuvipasua vile vichupa, gundi ikachafua vitambaa. Mke wa bosi akasema tuvitoe. Nikavitoa mimi, kwa mikono yangu hii, vile vilivyo vizima nikavipanga kwenye katoni chini ya ngazi. Haikunijia hata kidogo kwamba mnunuzi atavihitaji. Kichwani mwangu mahema yale yalikuwa yameshapakwa, kwa kuwa lile nililolishika kila siku lilikuwa limeshapakwa. Wahenga walisema mazoea yana taabu.

Video yenyewe uliiona, ukanipigia unacheka. Nimekaa ndani ya hema nasoma gazeti, mke wa bosi analimwagia maji kwa mpira dakika kumi nzima, natoka gazeti likiwa kavu, naliinua juu. "Hata tone," nikasema, kwa mdomo wangu. Yakauzwa mahema sitini na tatu.

Mwezi uliopita akaja mteja mmoja, mwalimu, mtu mpole. Alikuwa amempeleka baba yake kupiga kambi mahali mzee alipochungia ng'ombe utotoni, maana mzee aliliomba hilo kabla miguu haijamkatalia kabisa. Mvua iliwanyeshea siku mbili mfululizo. Mzee akashikwa na kichomi, akalazwa siku tisa. Ametoka, Mungu ashukuriwe, lakini sasa anatembea kwa kushikwa. Mwalimu hakupayuka. Aliliweka lile hema juu ya kaunta, bado lina unyevu kwa kukunjwa bichi, akaniangalia mimi. Kwa bosi hakugeuka hata kidogo.

"Mjomba, siku ile ulikaa humo ndani kweli?"

"Nilikaa."

"Basi mbona lako halikuvuja?"

Dada, nilijua palepale. Niliiona ile katoni chini ya ngazi kama vile imewekwa mbele yangu. Nikafungua mdomo, bosi akanitangulia, akamweleza kwamba bila shaka kamba hazikukazwa sawasawa, wengi hukosea hapo. Mwalimu hakuondoa macho kwangu. Nami nikainama, nikaanza kulikunja hema lake. Akalichukua, akaaga vizuri, akaenda.

Kusahau gundi ni bahati mbaya, binadamu husahau. Lakini pale kwenye kaunta sikuwa nimesahau kitu. Nilikuwa nakumbuka kila kitu, na nikanyamaza.

Alipoondoka nilimweleza bosi yote. Usije ukamchukia, si mtu mbaya. Amechoka kama mimi, na nywele zimemwisha kabla ya wakati. Alisema yamebaki mahema arobaini, tuyamalize kwanza, halafu tutatengeneza video ya gundi taratibu, isionekane kama tunajirudi. Nikasema sawa. Wiki tatu nimekuwa nikisema sawa, na kila Jumatano na Jumamosi natabasamu.

Halafu Jumapili ukaja ujumbe wako wa sauti kwenye simu. Ulikuwa na furaha mpaka maneno yanakukatikia. Umewaonyesha wauguzi wenzako video ya ndugu yako, nao wamenunua mahema manane, na mwezi ujao mnakwenda nayo kwenye kambi ya matibabu, siku tano, kule kusiko na zahanati. Wagonjwa mtawalaza humo, na wajawazito wanaosubiri siku zao. Ukasema, "Nimewaambia huyu namjua, nimembeba mgongoni." Nilikusikiliza mara nne. Sikukujibu, na najua ulidhani nimebanwa na kazi.

Nilikwenda kutazama daftari la mizigo. Hayo manane yameuzwa ndani ya zile wiki tatu. Niliyafunga kamba mimi mwenyewe, na mwandiko kwenye daftari ni wangu. Na mwezi ujao, unajua mwenyewe, ni mvua.

Basi juzi Jumatano nilichukua hema jipya kutoka kwenye mfuko wake, halijaguswa, nikalisimamisha uani. Sikumwambia mtu. Waliokuwa wanatufuatilia laivu walikuwa kama mia nne. Nikamwomba mke wa bosi afungue maji, akadhani ni mchezo wetu wa siku zote. Nikaingia ndani, nikakaa. Dakika ya pili tu maji yakaanza kunidondokea shingoni. Ya tano nilikuwa nimekalia dimbwi. Nikatoka nimelowa chapachapa, nikasimama mbele ya simu na kuwaambia kwamba hili ndilo walilonunua. Nikawaeleza kuwa lile la kwanza nililipaka gundi nikasahau kuwaambia, kisha nilikumbuka nikanyamaza, na kuna mzee alilazwa kwa ajili hiyo. Nikawaonyesha kichupa, nikawaonyesha namna ya kupaka. Mke wa bosi alitupa jicho kwenye ngazi kama bosi anakuja, lakini hakuizima simu. Kwa hilo nitamheshimu maisha yangu yote.

Aliyeizima ni bosi, aliposhuka ngazi. Kabla ya jioni video ilikuwa imefutwa, ndiyo maana wewe hukuiona. Hakunipigia kelele. "Fundi, nenda nyumbani," ndivyo alivyosema, na sikumwuliza mpaka lini. Nadhani moyoni anasema fadhila za punda ni mashuzi. Nilifungua katoni mbele yake, nikahesabu vichupa vinane, nikaondoka navyo.

Mke wangu aliponifungulia mlango alinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, nguo zimenigandia mwilini. "Ungeniambia," akasema, "ningekuwekea nguo kavu." Mama akauliza kama mvua zimeanza. Nikalala, dada, nikaamka saa nne asubuhi ya jana, na hata hapo nilikuwa bado nimechoka.

Sijui nitafanya kazi gani sasa. Cherehani ninayo, macho ndiyo sina. Naogopa, sitakuficha. Mke wangu anasema hatutakufa njaa, lakini anasema huku akinipa mgongo.

Majina ya wanunuzi niliyanakili kwenye karatasi siku ile nilipotazama daftari, pamoja na namba zao, na nimeanza kuwapigia mmoja mmoja. Gundi ya aina hii ipo hata kwa wauza turubai. Baadhi wananishukuru, baadhi wananikatia simu. Leo mchana nakwenda kwa yule mwalimu, shule anayofundisha naijua. Sina cha kumpelekea zaidi ya jibu la swali lake.

Sasa sikiliza kuhusu hayo yenu. Yaanikeni kwanza juani mpaka yakauke kabisa. Yageuzeni nje ndani, mpake gundi juu ya kila mshono kwa brashi nyembamba, pole pole. Pembe za chini zipakeni mara mbili, maana ndipo maji yanapopenda kupita. Yaacheni siku nzima bila kuyakunja. Kisha yamwagieni maji, na mmoja wenu akae ndani. Msikubali neno langu wala la mtu mwingine yeyote mpaka mmeona wenyewe. Likivuja hata moja, msimlaze mtu humo.

Wenzako watauliza imekuwaje. Najua utakavyotaka kuwajibu: duka limekosea, kiwanda kimekosea, mdogo wangu kaponzwa na wakubwa. Umekuwa ukinitetea tangu tukiwa watoto, nikivunja vya watu. Safari hii usinitetee. Waambie alijua, akanyamaza wiki tatu, na mahema yenu akayafunga kamba kwa mikono yake. Aibu kidogo itakurukia na wewe, nisamehe kwa hilo.

Wakishasema yao, nipigie unieleze walisemaje, neno kwa neno, usipunguze ukali. Miaka miwili nimekaa nikisoma maoni ya watu wanaonisifu, na yote niliyapokea. Haya nayo ni yangu.

Nisalimie shemeji, wapwa zangu wote na shangazi ukipita kwake. Mama anasema anakuombea kila asubuhi kabla hajashuka ngazi. Mungu awafikishe huko kambini salama, awape mikono myepesi kwa wagonjwa, na awarudishe wote mliokwenda.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata nisipojibu simu,

Kitindamimba wa Mama