Maneno ya Babu Kwenye Kumbukumbu za Bunge

Gimli, Manitoba
9 Machi

Mpendwa Mama Mdogo Ingunn,

Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Whitehorse, na kwamba kifua kimeacha kukusumbua. Sisi hatujambo. Ziwa bado ni barafu, na Babu huteremka kulitazama kila asubuhi.

Nakuandikia wewe kwa sababu ulisomea siasa. Dada Halldóra anasoma somo hilo chuoni Winnipeg, na mwalimu wao amekataza magazeti. Lazima waandike kutokana na kile serikali yenyewe ilichoweka mtandaoni: miswada, ripoti, kumbukumbu za vikao. Akija nyumbani Jumamosi, mezani ni yeye tu. Baba hata husahau kuniuliza habari za shule.

Mama Mdogo, namwonea wivu. Miaka yote mimi ndiye ninayemsomea Babu. Juzi Jumamosi Halldóra alifungua kompyuta akamsomea maneno ambayo Babu mwenyewe aliiambia kamati ya bunge kuhusu uvuvi, mwaka ule walipomwita. Babu alisikiliza, kisha akasema hakumbuki, labda ni uzee. Moyo uliniuma.

Nilijua Babu hawezi kusema "usimamizi endelevu wa rasilimali," kama dada alivyosoma. Nikautafuta ukurasa ule. Jina la msemaji huandikwa mara moja tu, anapoanza. Dada alianzia katikati, akadhani ni Babu. Kumbe ni ofisa wa uvuvi. Babu yuko ukurasa unaofuata.

Nilinyamaza siku nzima. Kazi ya dada ilikuwa ya kukabidhiwa chuoni Jumatatu, nami nilitamani aaibike. Jumapili, alipokuwa akivaa buti ili aondoke, nikamwambia.

"Nani kakutuma upekue kazi yangu, wewe kinda?"

"Soma kuanzia juu, dada."

Akasoma na buti moja mguuni. Hakunishukuru. Aliivua, akaketi kuandika upya, kisha akasema nimsomee Babu mimi, maana sauti yangu ndiyo aliyoizoea.

Nikasoma: "Ninyi mnahesabu samaki kwenye karatasi. Mimi nawahesabu vidole vikiwa vimekufa ganzi. Njooni Januari tuhesabu pamoja."

"Na hawakuja," akasema Babu, akacheka hadi akakohoa.

Wivu haujaisha, sitakudanganya. Ila sasa nautaka ule ukurasa, na kurasa nyingine zote. Niambie, Mama Mdogo, kwa miaka yangu kumi na mitano nianzie wapi?

Nisalimie Baba Mdogo Torfi na mtoto Svava. Mungu awafunike kwa joto mpaka theluji iishe.

Mwanao akupendaye,
Dagný