Mkono Mwembamba wa Lingeka

Na hilo la daktari wako wa mifugo kukuachia kuosha sindano tu, usiache kazi kwanza, mjukuu wangu. Hapa Sola tu wazima. Pamba imenichosha mgongo, lakini babu yako mpya, jamani, hunikanda kila jioni akiniita bibi harusi!

Nilipokuwa muuguzi wa mifugo kule Lingeka, ndama alikwama tumboni. Mkono wa daktari haukupita. Nikamwomba nijaribu mimi.

Mwenye ng'ombe akang'aka, "Binti huyu ataniulia ng'ombe!"

"Mkono wake ni mwembamba," daktari akasema. "Mimi nasimama hapa, namwelekeza."

Nikaunyoosha mguu uliokunjwa, ndama akatoka hai.

Daktari wako huenda hajaombwa; mwombe nawe akupe kazi akusimamie. Tunakuja Bariadi na mpenzi wangu kabla mwezi haujaisha. Utatuambia amekujibu nini.